Shangazi Aliyeishi Mferejini

Wiki aliyofariki shangazi yangu Salome, bomba la jikoni kwangu lilianza kuvuja, na sikumwita fundi. Lilidondosha tone moja, likanyamaza, likadondosha jingine, na mimi nilikaa mezani chai yangu ikipoa, nikilisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Mume wangu alivumilia siku tisa. Siku ya kumi aliniuliza kama tunangoja mpaka sinki liote uyoga, nikamwambia aniache, nina sababu zangu. Sababu hizo sikuwahi kumweleza mtu, kwanza kwa kuwa ni za kipuuzi, na pili kwa kuwa kila nikianza kuzieleza naishia kuongelea mambo mengine. Ninyi wa rika langu mliolelewa kwenye zile ghorofa za matofali mekundu za Rockville, huku Marekani, mama zenu wakitoka kazini mkiwa mmelala na kuamka mkiwa shule, labda mtanielewa.

Tuliishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili, watu watatu: mama, shangazi na mimi. Baba alikwenda Texas kutafuta kazi nilipokuwa na miaka mitatu. Kazi aliipata, na mwanamke akampata, na kila alipopiga simu alisema anakuja wiki ijayo. Shangazi Salome alikuwa dada yake mkubwa. Watu wa kanisani walidhani atafunga mizigo amfuate mdogo wake, au angalau ahamie kwingine kwa aibu, lakini alibaki pale pale na mama, mke aliyeachwa na ndugu yake. Waliitana wifi mpaka watoto wa jengo letu wakadhani Wifi ni jina la mtu.

Wote wawili kazi yao ilikuwa kutunza wazee. Mama alikuwa kwenye nyumba ya wazee, zamu ya kuanzia saa tisa alasiri. Shangazi alimtunza asubuhi bibi mmoja wa Kiingereza huko Bethesda, akarudi kabla basi la shule halijanishusha. Kwa hiyo aliyenipikia, aliyenisuka, aliyenipaka mafuta magotini wakati wa baridi na kulala nami kitanda kimoja alikuwa yeye. Mama nilimpenda, lakini mama alikuwa mtu wa Jumapili.

Sasa, mama ni wa Nakuru na shangazi alikuwa wa Iringa, na nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa na majina mawili. Mama alikula maharagwe, shangazi alikula maharage, na sufuria ilikuwa moja. Mama akisema nyanya ilibidi usubiri kidogo ujue kama ni ya kachumbari au ni mama yake mzazi. Lile la sinki, shangazi aliliita bomba na mama aliuita mfereji. "Funga mfereji," mama alisema. "Funga bomba," shangazi alisema. Mimi nilifunga. Nilikuwa na miaka sita na sikuona tatizo lolote, maana ukishajua kwamba mfereji ni bomba na bomba ni mfereji, umemaliza.

Yule bibi wa Bethesda akafa. Kwenye maziko alikuja kaka yake kutoka Uingereza, Mzee Denis, tarishi mstaafu, mrefu na mwenye haya, ambaye mkewe alikuwa ameshatangulia miaka mingi nyuma. Alikaa mwezi mzima kupanga mambo ya dada yake. Kwetu alifika mara tatu, kila mara akinywa chai amesimama, na kila mara akimtazama shangazi kama anayetaka kuuliza saa. Alipoondoka, simu zikaanza. Shangazi akawa anacheka bafuni. Mama akawa anaosha vyombo kwa kelele.

Siku moja shangazi alinikalisha kitandani, akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu," aliniambia, "shangazi nimestaafu. Nakwenda kuishi na Mzee Denis kule kwao. Hana nyumba, ana boti. Tutaishi humo humo kwenye boti, kwenye mfereji."

Hilo ndilo neno alilotumia, mfereji. Kwake yeye lilikuwa neno sahihi kabisa, maji yaliyochimbiwa njia. Mimi nilijua mfereji mmoja tu duniani. Nilidhani ametumia neno la mama makusudi, ili nisikosee.

"Hiyo boti ni kubwa?" nilimuuliza kwa Kiingereza, kama tulivyozoea, yeye kwa Kiswahili chake na mimi kwa Kiingereza changu.

"Wee! Nyembamba ajabu. Ukinyoosha mikono hivi unagusa kuta zote mbili."

Hapo nikaridhika. Nilikwenda jikoni nikachungulia ndani ya mfereji, nikaona giza na tone la maji likining'inia, nikawaza kwamba kweli, lazima iwe nyembamba. Niliporudi nilimuuliza kama atatosha humo. Akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema atatosha, atapunguza ugali.

Tulimsindikiza uwanja wa ndege, na mimi sikulia. Mama alinishangaa, kisha akaudhika, nadhani aliona nimekuwa na moyo mgumu kama baba yangu. Lakini ningelia nini? Mtu anakwenda kuishi jikoni kwetu. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanisumbua, kwamba shangazi alikuwa mnene, na nacho nilikipatia jibu pale pale dirishani. Ndege iliporuka niliitazama ikizidi kuwa ndogo, ndogo, na watu wake wote ndani, mpaka ikawa kama nzi. Nikaelewa kwamba kazi ya ndege ni kuwapunguza watu.

Baada ya hapo alipiga simu kila Jumapili mchana, na kila alichosema kilinithibitishia. "Leo tumesimama kwenye bomba kujaza maji," alisema, nami nikaitikia kwa kichwa. Alisimulia jinsi mfereji unavyopanda mlima: boti inaingia kwenye chumba cha mawe, unafunga mageti mazito nyuma yako, unazungusha chuma kufungulia maji, na maji yakipanda na boti inapanda nayo, kisha geti la mbele linafunguka mnaendelea. Siku moja walipita mageti saba kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilifikiria mabomba ya jengo letu yanayopanda ukutani, nikamuuliza wamefika ghorofa ya ngapi. Alidhani natania. Aliniambia Mzee Denis huendesha polepole mpaka mwanamke mwenye mbwa aliwapita kwa miguu, na kwamba kuna bata mmoja anayegonga dirishani kwa mdomo kila asubuhi kudai mkate. Jioni hiyo niliweka chembe za mkate kwenye sinki. Mama aliuliza ni nani anayechafua sinki lake, nikajifanya nasoma.

Ilipofika baridi kali, shangazi alisema mfereji umeganda, hawawezi kwenda mbele wala nyuma, wanakaa tu kando ya jiko la makaa na nguo zote zinanuka moshi. Wiki hiyo hiyo msimamizi wa jengo letu alibandika tangazo mlangoni kwamba kila mtu aache bomba lidondoshe maji kidogo, mabomba yasije yakapasuka. Mama akaliacha lidondoshe. Niliona mama naye anajua, anamwachia shangazi njia, nikampenda siku hizo kuliko siku zote.

Lakini nilikuwa mpweke. Sikuwa na neno lake wakati ule, nilijua tu kwamba saa tisa ikifika nakwenda kukaa karibu na mlango. Alasiri nilikuwa chini ya Mama Espe, jirani yetu Mkongomani, mama mwema aliyekuja na kushona kwake, akawasha tamthilia yake na kusinzia kabla haijafika nusu. Alinisuka mara moja, akavuta nywele mpaka macho yangu yakawa ya Kichina, sikumruhusu tena. Alipolala nilivuta kiti mpaka kwenye sinki, nikaweka mdomo kwenye mfereji na kumweleza shangazi yaliyonipata. Kwamba darasani wamesema chakula changu kinanuka. Kwamba mama amesahau siku ya picha nikapigwa picha na sweta la kijani lenye tundu. Kisha niliweka sikio. Mabomba ya jengo zee hayakosi neno, yanagugumia, yanapiga kwi, na mimi nilijibiwa kila siku.

Ikaja Jumapili moja, mimi nikiwa na simu sikioni na mama akisuuza sahani. Mvutano wa mama na shangazi nilikuwa nimeusikia bila kuuelewa. Shangazi alikuwa ameomba kuongea na mama, na mama aliniambia nimwambie ana kazi. Shangazi akaanza kuniambia, "Neema, mwambie mama yako kwamba mimi..." Pale pale mama akafunga mfereji kwa nguvu, kiganja kizima, na simu ikakatika.

Leo najua kwamba kwenye mifereji ya Uingereza simu hukatika ukipita tu chini ya daraja. Siku ile nilijua vingine. Nilimtazama mama akifuta mikono yake kwa utulivu, nikaona nimeshuhudia jambo baya.

Jumapili iliyofuata simu haikuja. Iliyofuata tena, haikuja. Baridi ilikuwa imepungua na mama hakuacha tena mfereji udondoshe. Alitembea nyumba nzima akiukaza huu na ule, akisema, "Ati nani ameacha hii wazi? Neema! Funga mfereji kabisa!" Na mimi, kwa mikono yangu mwenyewe, nilifunga. Nilipouliza mbona shangazi hapigi, mama alijibu bila kuniangalia, "Shangazi yako ako na maisha yake." Nililala nikiwaza amekaa kwenye giza lile na yule bata, akingoja, na ni mimi niliyemfungia.

Kwa hiyo siku moja katikati ya wiki, Mama Espe alipoanza kukoroma, niliingia bafuni. Nilishajifunza kwamba boti haiendi bila maji ya kutosha. Niliziba tundu la sinki kwa soksi yangu, nikatupia vipande vya mkate vya yule bata, nikafungulia mfereji mpaka mwisho, nikakaa juu ya kifuniko cha choo kungoja. Maji yalipanda vizuri tu, kama alivyosimulia. Nikakumbuka kwamba atatoka amelowa na kule anakotoka ni baridi. Nikaenda chumbani kutafuta sweta lake, lile la kahawia aliloliacha kabatini. Nikalipata, nikalinusa, nikajilaza nalo kidogo tu. Usingizi wa mtoto hauna adabu.

Nilizinduliwa na sauti ya Mama Espe. "Mungu wangu! Mayi! Mayi fasi yote! We mutoto, unafanya nini?" Maji yalikuwa yamefika kwenye zulia la koridoni. Mlango ulikuwa unagongwa, mzee wa ghorofa ya pili amesimama na taulo kichwani kwa sababu dari lake lilikuwa linanyesha, na nyuma yake msimamizi wa jengo na kibao chake cha kuandikia. Mama aliitwa kutoka kazini. Alifika jua bado liko juu, akiwa na sare yake ya zambarau, akawaomba radhi wote mmoja mmoja kwa ile sauti nyororo ya kazini, akafunga mlango, akaja bafuni nilikojificha.

"Ni nani alikwambia ufungue mfereji?"

Nilijibu kwa Kiingereza kwamba nilikuwa namfungulia shangazi aingie.

"Shangazi gani?"

"Shangazi Salome. You locked her in the mfereji."

Mama alinitazama, kisha akatazama bomba, kisha soksi yangu kwenye tundu la sinki, kisha vipande vya mkate vilivyokuwa vinaelea. Alikaa kwenye ukingo wa bafu, viatu vyake vyeupe ndani ya maji. Akaanza kucheka. Alicheka akijishika ubavu, na mimi nikafurahi kwamba sitapigwa, mpaka nilipoona kwamba kile alichokuwa anafanya si kicheko tena.

Alipoweza kusema alinieleza polepole, kwamba kwa watu wa Tanzania mfereji ni kitu kingine, ni kama mto uliochimbwa na watu kwa majembe, upana wa barabara, uko nje chini ya jua na una miti kando yake. Kwamba shangazi ni mkubwa vile vile, hajapungua. Nilimsikiliza. Niliona aibu sana, kwa kuwa nilikuwa nimeyasema mambo yangu yote miezi ile na hakuna aliyesikia. Kisha nikauliza kile ambacho sasa kilikuwa hakina maelezo. Kama hakufungiwa, mbona hapigi?

Mama alivua kiatu kimoja, akamwaga maji, akakivaa tena. "Anapiga," alisema. "Anapiga kila Jumapili. Ni mimi nazima mlio, sishiki."

Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na yeye mwenyewe anajua, tulishazungumza. Sikula, na nililala na lile sweta.

Kesho yake asubuhi hakunipeleka shule. Alipiga simu mwenyewe, akanipa kabla haijapokewa. Niliisikia sauti ya shangazi, na nyuma yake injini ikienda tuk, tuk, tuk, na ndege wa kule wakipiga makelele. Nilimuuliza kama ni mkubwa au mdogo. Akasema ni yule yule, tena amenenepa, Mzee Denis anapika mayai kila siku. Ndipo nikamuuliza anarudi lini.

Injini ikasikika peke yake. Nilijua jibu la watu wazima, wiki ijayo, nilikuwa nimeshalisikia kwa baba mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kulisema pamoja naye.

"Sirudi, Neema," alisema. "Nitakuja kukutembelea, nakuahidi na nitakuja. Lakini kurudi kukaa, hapana. Hapa ndipo kwangu sasa."

Iliniuma kuliko kichapo. Akaendelea, taratibu, kana kwamba anaongea na mtu mzima mwenzake. "Sikuondoka kwa sababu yako, wala usije ukafikiri hivyo. Mimi nimelea wadogo zangu, baba yako akiwemo. Nimekulea wewe. Nimewageuza wazee wa watu kitandani miaka ishirini na mbili. Nilitaka nikae mahali ambapo hakuna anayeniita, nione nikikaa hivyo nakuwaje. Umenielewa?"

Sikuelewa. Nilielewa miaka mingi baadaye, nilipokuwa chuoni Annandale nikapata likizo na tiketi nikamfuata. Boti ilikuwa ndefu kama mabasi mawili na niliponyoosha mikono nikagusa kuta zote mbili. Nilimkuta amesimama nyuma, mkono mmoja kwenye usukani ule wa fimbo ya chuma, kitenge kiunoni, koti la mvua la mume wake juu, akiiendesha kwa mwendo wa konokono katikati ya mashamba, haongei. Siku mbili nzima hakuniuliza kama nimekula. Nilitaka kununa, halafu nikautazama uso wake, nikaona sijawahi kumwona akiwa hana anachosubiri. Bado ilinichoma kwamba furaha ile haikunihitaji.

Lakini asubuhi ile ya Rockville nilisema tu "okay", kwa sababu ndilo neno nililokuwa nalo, na alikuwa mtu mzima wa kwanza aliyeniambia kweli. Nikampa mama simu na kujiandaa kwa ugomvi. Mama aliishika kwa mikono miwili, akageukia ukuta.

"Wifi," alisema. Upande wa pili injini ilikuwa inaendelea, tuk, tuk. "Mimi sikukasirika ati umeolewa, wifi. Nilikufurahia, Mungu anajua. Nilikasirika kwa sababu ulimkalisha mtoto kitandani ukamweleza. Mimi hukunikalisha mahali."

Sauti ya shangazi ikasema kitu, ndogo sana, sikukishika.

"Kila mtu ananiuliza Neema anaendeleaje," mama alisema, na mabega yake ndani ya ile sare aliyolala nayo yakaanza kutikisika. "Na mimi, wifi? Ukitoka kazini ulikuwa unaniachia chakula kimefunikwa na sahani. Sasa naingia saa tano na nusu usiku, nasimama hapo jikoni na koti yangu, sina mtu hata wa kumwambia mguu unaniuma."

Nilikuwa na miaka sita, na mpaka dakika ile nilidhani kwamba katika nyumba ile aliyeachwa ni mimi peke yangu.